Kikapu cha Jumatano

Funza wengi wakila kwa pamoja hutoa sauti kama ya manyunyu juu ya majani ya mgomba. Niliisikia mara ya kwanza Jumamosi, Kimbiji, ndani ya banda la makuti la kijana aitwaye Godlisten. Nikatazama juu nikidhani mvua imeanza.

"Si mvua, mama," akacheka. "Ni wao. Wapo mezani."

Nilikuwa nimekwenda kumhoji. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali Temeke, mjane mwenye mtoto mmoja, na huu ni mwaka wa pili nasoma maendeleo ya jamii kwa masomo ya jioni. Chuo chetu kimeingia katika utafiti unaofanywa kwa pamoja na wanafunzi wa nchi nne: Peru, Nepal, Ghana na sisi. Kila mwanafunzi anapelekwa wiki sita kwa vijana waliojiajiri, anakaa nao kazini, anawauliza maswali yaleyale wanayoulizwa wenzao upande wa pili wa dunia. Alhamisi jioni tunakutana wote kwenye kompyuta na kuelezana tulichokiona. Mara ya kwanza msichana wa Lima aliniuliza kwa adabu kama mimi ndiye msimamizi. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba hapana, mimi ni mwanafunzi, ila nimechelewa njiani.

Msimamizi wetu ni Dokta Wahiba. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili, na ametoka katika ukoo wa Waarabu wenye maduka ya vitambaa. Siku anatukabidhi madodoso alisema maneno niliyoyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la utafiti.

"Babu yangu aliuza vitambaa miaka hamsini. Alijua nani anaoa, nani kafiwa, nani anamnunulia nani kanga. Hakutoa hata neno moja, ndiyo maana watu walirudi. Sasa nanyi, jina la mtu mlilopewa ni amana. Likikutoka mdomoni, umeiba."

Kwa hiyo katika karatasi zangu Godlisten hakuwa Godlisten. Alikuwa K-07.

Kazi yake ni kufuga inzi fulani weusi, wembamba, wasiouma wala kutua kwenye chakula. Wanataga ndani ya chandarua, na mayai yakianguliwa anawaweka funza kwenye mabeseni na kuwalisha takataka za sokoni: maembe yaliyooza, maganda ya ndizi, machicha ya nazi. Wakinenepa anawakausha na kuwauzia wafuga kuku na samaki. Alichagua Kimbiji kwa sababu ya nafasi, na kwa sababu ya harufu. Nilipomjua zaidi nikagundua kuna sababu ya tatu. Kimbiji ni mbali, barabara ni mbovu, na hakuna mtu wa kwao anayefika huko.

Alikuwa ameacha chuo cha udaktari mwaka wa tatu.

"Sikufeli," aliniambia, mkono wake ukigeuza machicha taratibu. "Ila kila nikiingia wodini mikono inatetemeka. Kuna mama nilimdunga sindano mara tano, sikupata mshipa. Akaniambia, mwanangu, hebu pumzika kwanza. Basi mie nikapumzika mpaka leo."

Tulicheka wote wawili, kisha yeye akaacha.

"Nyumbani hawajui. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu niache. Kila Jumapili napiga simu, nasema nipo wodini. Mama, andika hiyo namba yako tu, jina langu liache. Baba ana moyo. Akijua leo, kesho tunamzika."

Nilimuuliza kwao ni wapi. Akasema Rombo. Nikaandika Rombo, nikamwona baba huyo kichwani mwangu akiwa kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, mlimani, mbali na sisi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Hapa mjini ukimuuliza mtu kwao ni wapi, hakuambii wazazi wake wanalala wapi. Anakuambia walipozikwa babu zake. Mimi mwenyewe ukiniuliza nitasema Bukoba, na sijalala huko tangu nimzike mama yangu.

Kosa la pili nililifanya kwa mikono yangu, nikiwa nimepiga magoti.

Kanisani kwetu Mbagala kuna kikapu cha ukindu chenye mfuniko na kufuli dogo. Jumapili mwenye mzigo anauandika kwenye karatasi, anaikunja mara nne, anaitumbukiza kwenye tundu la mfuniko. Jumatano saa tisa alasiri watu wa maombi, ambao wamefunga tangu alfajiri, wanafungua kikapu. Kiongozi anasoma karatasi moja moja kwa sauti, wanaombea, kisha zote zinachomwa kwenye chungu. Mimi Jumatano huwa kazini, kwa hiyo huacha karatasi tu.

Jumapili ile sikuweza kusikiliza mahubiri. Nilikuwa namwona yule kijana akiongea na simu, anadanganya huku funza wakila. Didas wangu ana miaka kama yake. Nikachana ukurasa wa daftari langu la utafiti, lenye mstari wa kijani pembeni, nikaandika:

"Namwombea kijana Godlisten Gervas. Ameacha chuo cha udaktari bila wazazi kujua, anafuga funza. Baba yake ana ugonjwa wa moyo, na kijana anaogopa kuwa akijua atakufa. Bwana mpe kijana njia ya kusema kweli, na mlinde baba yake."

Naapa sikuona kama nimevunja kitu. Dokta Wahiba alikuwa amesema tusimwambie mtu, nami sikumwambia mtu, nilimwambia Mungu. Nilianza hata kuandika K-07, nikaona haya, nikafuta. Nani anamwombea mtu kwa namba? Nikaandika jina lake na la baba yake, kama tulivyofundishwa, ili sala isipotee njia. Nikakunja mara nne, nikatumbukiza, nikarudi kwenye kiti changu moyo mwepesi.

Jumatano niliomba ruhusa kazini nikarudi Kimbiji, maana sehemu ya mwisho ya dodoso, ile ya familia na malezi, tulikuwa hatujaimaliza. Kijana wa bodaboda aitwaye Fakihi alinichukua Kibada, nikamwomba anisubiri. Ilikuwa saa saba na robo mchana. Godlisten alinipa ndoo niikalie.

"Kazi ya baba?" nikamuuliza.

"Alikuwa tabibu msaidizi. Kastaafu. Ndiyo maana alitaka mie nivuke pale alipoishia."

"Na huko Rombo anafanya nini sasa?"

"Hapana mama, Rombo ni kwetu tu. Wapo hapahapa mjini, Mbagala. Walihamia mie nikiwa bado sekondari ya bweni. Kajenga pale Kizuiani."

Kizuiani ndipo lilipo kanisa letu. Nikaendelea kuandika, lakini herufi zilianza kupinda.

"Mko watoto wangapi?"

"Wawili. Dada yangu Clara ni nesi, yuko Mwanza. Halafu mie." Akatabasamu. "Mzee pale mtaani hana hata jina. Kila mtu, Baba Clara, Baba Clara. Hata kanisani. Mie nikiendaga likizo nalalamika, kwani na mie si mtoto?"

Nilimjua Baba Clara kwa miaka minne. Niliwahi kula nyumbani kwake. Katika simu yangu ameandikwa "Baba Clara Maombi". Novemba iliyopita alianguka katikati ya ibada, na mimi ndiye niliyefungua vifungo vya shati lake na kumpepea kwa kanga yangu mpaka gari likaja. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Katika muda wote huo sikuwahi kujua kwamba anaitwa Gervas, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita hivyo mbele yangu, kama vile ninavyoamini kwamba yeye hajui kuwa mimi ni Jovina. Kwake mimi ni Mama Didas.

Tena tulikuwa tukimwombea mtoto wake, ambaye sikuwahi kukutana naye. "Mniombee daktari wangu, ana mitihani," alikuwa akisema kila muhula, na mimi niliwahi kufunga siku tatu kwa ajili ya mitihani hiyo.

"Leo hata ukimpigia humpati," Godlisten aliendelea. "Jumatano anafunga, anazima simu. Saa tisa ana watu wake wa maombi. Yeye ndiye anasomaga vile vikaratasi."

Nilisimama. Kalamu ilianguka ndani ya beseni la funza.

"Mama, uko sawa? Umepauka."

Pale ndipo nilipotakiwa kumwambia. Alikuwa mbele yangu, ananishika mkono nisianguke, na neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikasema nimekumbuka dharura. Nikaondoka nikimwacha anaitafuta kalamu yangu kwa vidole.

Nje nilipiga namba ya Baba Clara. Imezimwa. Nikampigia Loveness, sekretari wa kikundi cha maombi, ambaye kwake hakuna jambo lisilo na mzaha.

"Bwana asifiwe, Mama Didas! Leo umetukumbuka."

"Amina. Loveness, nisikilize. Jumapili niliweka karatasi kwenye kikapu. Naomba uitoe. Ina mstari wa kijani."

"Niitoe vipi tena? Kufuli ufunguo anao Baba Clara mwenyewe."

"Basi mwambie asifungue mpaka nifike."

"Heee! Umeandika nini wewe? Au umemwomba Bwana mchumba, sasa unaona aibu? Sisi tutakuombea tu, wala hatucheki."

"Loveness, nakusihi."

"Sasa nikamwambie Baba Clara asifungue kikapu cha Bwana kwa sababu gani? Niambie basi kuna nini."

Kumwambia kuna nini ilikuwa ni kuitoa ile amana mara ya pili. Nikasema, "Nakuja," nikakata.

Fakihi alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani.

"Mbagala Kizuiani," nikamwambia. "Kabla ya saa tisa."

Akafungua jicho moja. "Mama, unajua Kizuiani ni wapi na hapa ni wapi? Nyie watu wa kanisa mnachelewaga wenyewe, halafu mnataka sie tupae."

"Kuna mtu anaweza kufa."

Akanitazama vizuri, akainuka, akanipa kofia yake ngumu.

Nimewahi kuogopa maishani. Niliogopa usiku mume wangu alipokata kauli, niliogopa siku ya mtihani wangu wa kwanza baada ya miaka ishirini na nne nje ya darasa. Lakini hofu zile zilinikuta zikitoka nje. Hii ilikuwa imetoka ndani yangu, kwa mwandiko wangu, ikiwa imekunjwa mara nne, na ilikuwa imekaa ndani ya kikapu ikisubiri saa. Kila pikipiki ilipoingia shimoni niliona vidole vya Baba Clara vikifungua mkunjo mmoja. Niliomba, lakini sala hazikuwa na mpangilio. Nilisema tu, Bwana, shika saa. Bwana, ufunguo upotee. Bwana, wasije watu, wakose idadi, waahirishe. Halafu nikakumbuka kwamba sala yangu ndiyo iliyonifikisha pale, nikaogopa hata kuendelea kuomba.

Kabla ya kufika Kibada lori la kokoto lilikuwa limekwama, limeziba barabara nzima. Upande mmoja mtaro, upande mwingine tope la mvua ya juzi.

"Shuka mama, tukokote," Fakihi akasema.

Tukaingia kwenye tope, yeye anashika usukani, mimi nasukuma nyuma. Kiatu changu kimoja kilibaki humo. Niliacha. Saa ya simu ilisema saa nane na dakika thelathini na sita.

"Ni mwanao?" aliniuliza tulipopanda tena. "Huyo anayetaka kufa."

"Hapana. Ni baba wa mtu."

"Basi Mungu ni mkubwa," akasema, akaongeza mwendo, na mpaka Kongowe hakutania tena.

Nilifika kanisani saa tisa na dakika kumi na tisa. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Niliingia na kiatu kimoja, tope mpaka magotini. Watu kama kumi na watano walikuwa kwenye viti vya plastiki, wameinamisha vichwa. Mbele, kwenye meza ndogo, kikapu kilikuwa wazi na mfuniko wake uko chini. Pembeni ya kikapu kulikuwa na chungu cheusi, tayari kina karatasi kadhaa. Baba Clara alikuwa amesimama, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mama Hope anaomba mume wake apate kazi ya kudumu," alisoma.

"Bwana, sikia," wakaitikia.

Karatasi ikaingia kwenye chungu. Akachukua nyingine.

"Ndugu Sebastian anaomba Bwana amwondolee hasira."

"Bwana, sikia."

Nilijaribu kuhesabu zilizobaki kikapuni kwa macho, sikuweza, nilikuwa mbali. Nikaanza kutembea kuelekea mbele katikati ya viti. Nilijua nikipiga kelele, watu wote wangetaka kujua kwa nini. Nikikaa, angesoma. Sikuwa na la kufanya la tatu, kwa hiyo nilitembea tu, kiatu kimoja kikigonga sakafu na mguu wa pili kimya. Loveness aliinua kichwa, akanitolea macho.

Nilikuwa nimebakiza viti vitatu nilipoona mstari wa kijani mkononi mwake.

"Baba Clara," nikasema. Sauti haikutoka.

Alifungua mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akainua karatasi karibu na miwani, kama afanyavyo. Akafungua mdomo.

"Namwombea kijana," akasoma, na akanyamaza.

Nilimwona akisoma. Nilimwona akifika mwisho na kurudi juu, kisha akifika mwisho tena. Mkono wake wa kushoto uliinuka polepole ukakaa kifuani, palepale nilipofungua vifungo mwezi wa Novemba. Rangi ya midomo yake ilianza kuondoka. Nilishika kiti kilichokuwa mbele yangu. Nikasema moyoni, Bwana, kama ni lazima uchukue mtu, mimi niko hapa.

Watu walianza kuinua vichwa. Baba Clara akavua miwani. Akanitazama mimi, niliyesimama katikati na tope langu, kisha akawatazama wao.

"Hii," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu aliyeamshwa, "huyu anamwombea kijana fulani. Yuko mbali na kwao. Anaogopa kurudi."

"Bwana, sikia."

"Jina halisomeki vizuri," akasema.

Akaikunja ile karatasi. Hakuiweka kwenye chungu. Aliiweka kwenye mfuko wa shati, akachukua iliyofuata, na akasoma zote zilizobaki. Zilikuwa tisa. Nilizihesabu kwa sababu kila moja nilikuwa nasubiri aanguke. Mzee huyu, ambaye hakuwahi kwenda chuo chochote cha utafiti, alilinda jina la mwanawe mbele ya watu, kazi niliyofundishwa mimi muhula mzima na kushindwa.

Walipokwisha kuchoma karatasi na kuanza kutoka, alisema, "Mama Didas, baki." Loveness alijifanya anakusanya viti. "Na wewe Loveness, kavunje mfungo nyumbani," akamwambia, naye akatoka shingo upande.

Tulikaa viti viwili, chungu kikifuka moshi kati yetu.

"Umeandika wewe."

"Ndiyo, Baba Clara. Sikujua kuwa ni mwanao. Sikujua unaitwa Gervas."

"Miaka minne."

"Miaka minne."

Alitikisa kichwa. Mkono wake haukuwa umetoka kifuani. Nilimuuliza kama ana dawa yake. Akaitoa mfukoni, kidonge kidogo, akakiweka chini ya ulimi, akafumba macho. Niliangalia kifua chake kikipanda na kushuka. Moshi uliisha kwenye chungu ndipo akasema tena.

"Yuko wapi?"

Kimbiji ni neno fupi. Lingeweza kunitoka pamoja na pumzi.

"Siwezi kusema, Baba Clara."

"Mama Didas. Nakuuliza mwanangu yuko wapi."

"Ni mwanao. Lakini aliniamini, na nilishamwangusha mara moja kwa ile karatasi. Nikikuambia sasa, itakuwa mara ya pili, na safari hii najua ninachofanya."

Aliinuka. Kiti cha plastiki kilianguka nyuma yake. "Mimi nimemzaa! Nimesimama hapa miaka mitatu nikiwaambia mumwombee daktari wangu! Mlikuwa mnaomba nini? Mmefunga, mmelia, mkaniambia amefaulu! Na wewe ulifunga!"

"Nilifunga."

"Halafu unaniambia huwezi kusema!"

Kelele zile nilistahili, sikuziogopa. Niliogopa mshipa uliosimama shingoni mwake. Nilijua pia kwamba kesho yake nitakaa mbele ya Dokta Wahiba, nimweleze kila kitu, K-07 ifutwe, na pengine na mimi nifutwe, na wale wa Lima na Kathmandu watasikia kwamba mwanafunzi mzee wa Dar es Salaam aliiba. Hayo yote yalikuwa kweli, na yalikuwa madogo kuliko ule mshipa.

"Nitampigia," nikasema. "Nitamwambia nilichofanya. Akikubali, nitakupa simu. Asipokubali, sitakupa, hata ukinipiga."

Akainua kiti chake, akakaa.

Godlisten alipokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Mama, nimeipata kalamu yako. Ina harufu lakini inaandika."

"Mwanangu, kaa chini."

Nilimwambia. Sikupamba wala sikujitetea. Nilimwambia kuhusu Jumapili, mstari wa kijani, kikapu, na nani aliyekifungua. Nilipomaliza, nilisikia zile sauti za manyunyu tu. Nikadhani ameweka simu chini akaondoka.

"Yu hai?" akauliza hatimaye. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Yu hai. Amekunywa dawa. Amekaa mbele yangu."

Akalia. Sikumnyamazisha. Baba Clara alikuwa ananitazama mdomoni kama kiziwi anayesoma maneno.

"Mie nilikwambia jina uliache," Godlisten alisema katikati ya kwikwi. "Nilikwambia mama."

"Uliniambia."

"Kwa nini basi?"

Nikasema, "Nilikosa. Nitakuja kukuomba msamaha uso kwa uso, ukinifukuza nitaelewa. Lakini sasa hivi baba yako anataka kusikia sauti yako. Sitampa simu mpaka wewe useme."

Manyunyu yaliendelea. Nje ya kanisa watoto walikuwa wanatoka shule, wanapiga kelele, na muuza maji anagonga chupa zake. Baba Clara alikuwa amenyoosha mkono mmoja, kiganja juu, mapajani mwake, bila kuonekana kujua kwamba ameunyoosha.

"Mpe," Godlisten akasema.

Niliweka simu katika kile kiganja. Aliipeleka sikioni kwa mikono miwili. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Shikamoo, baba."

Baba Clara hakuitika. Mimi nililiangalia shati lile jeupe, mahali karatasi yangu ilipotuna mfukoni, nikaliona linapanda, linashuka, linasimama. Likasimama kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Nilikuwa nimeanza kufungua kanga kiunoni ili nimpepee.

"Ni mvua hiyo?" akauliza.

"Hapana, baba." Kijana alivuta kamasi. "Ni wao. Wanakula."

Mzee aliibana simu zaidi sikioni, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Marahaba," akasema.